Kulala hemani Tsavo na Milima ya Taita: Maji, moto na ruhusa hutangulia hema

KATI ya njia zote za kuifahamu nchi ya Taita Taveta, iliyo nyepesi kwa mfuko na nzito kwa maandalizi ni kulala hemani. Anayelala hotelini hukuta maji bombani, taa ukutani na mlinzi langoni. Anayepiga kambi ndani ya mbuga au kando ya msitu wa mlimani hukuta uwanja, miti na, akijaliwa, choo. Mengine yote huwa mzigo wake mwenyewe.

Kambi za namna hii hazina mtu wa kulaumiwa maji yakiisha usiku. Wala hazina ua wa kumzuia ndovu aliyesikia harufu ya machungwa. Usalama wa mgeni hutokana na yale aliyoyajua na kuyabeba kabla ya kuondoka mjini. Na usalama wa mahali penyewe, hasa misitu midogo iliyosalia milimani, hutegemea jinsi mgeni huyo anavyouzima moto wake na kuzichukua taka zake.

Nyika na milima

Takriban asilimia 62 ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mbuga hizo zilianzishwa kama hifadhi moja mnamo Aprili 1948, kisha zikagawanywa kwa ajili ya usimamizi. Kwa pamoja zina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 20,000, na baadhi ya eneo hilo limo katika kaunti jirani.

Katikati ya nyika hiyo kame yanasimama makundi matatu ya milima: Dawida, Sagalla na Kasigau. Mji wa Voi uko katika mwinuko wa kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Vuria, kilicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Dawida, hupita mita 2,200. Mwendo wa gari usiozidi saa mbili humtoa msafiri kwenye joto la vumbi jekundu na kumfikisha kwenye ukungu unaolowanisha blanketi.

Sehemu hizo mbili zimeunganishwa na mto mmoja. Mto Voi huanzia Milima ya Taita, hupita karibu na mji unaoitwa kwa jina lake, kisha huingia Tsavo Mashariki na kuelekea Bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka wa 1952. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mkondo wake nyikani ni mchanga mtupu. Kinachotendwa msituni juu hufika chini, ama kama maji ama kama ukosefu wa maji.

Kambi za umma na kambi maalumu

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lina aina mbili za kambi katika mbuga zake. Kambi ya umma ni uwanja uliotengwa kwa wageni wote, na kwa kawaida huwa na choo na maji ya kuoshea. Kambi maalumu hukodishwa kwa kundi moja pekee kwa siku zilizowekwa, na haina huduma yoyote. Anayeichagua hununua upweke, wala si starehe.

Katika Tsavo Mashariki, kambi ya umma iliyo karibu zaidi na mji ni Ndololo, kilomita chache kutoka Lango la Voi, chini ya miti iliyoota karibu na mto. Wanyama hupita humo kwa sababu ndiyo njia yao ya kwenda kutafuta maji na kivuli. Katika Tsavo Magharibi, wageni hupiga kambi karibu na Lango la Chyulu, na pia kando ya Ziwa Jipe, mpakani na Tanzania.

Hakuna ua unaozizunguka kambi hizi. Jambo hili huwashangaza wengi wanaofika kwa mara ya kwanza, wakidhani kwamba neno kambi lina maana ya boma. Mgeni ndiye aliyeingia katika makao ya wanyama, na kanuni zote za kambi hutokana na ukweli huo.

Misitu ya mawingu

Kule milimani hali ni nyingine. Misitu ya Ngangao, Mbololo na Chawia ni mabaki ya msitu wa kale uliofunika Milima ya Taita. Milima hii ni ncha ya kaskazini ya Safu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania, ikiwamo Usambara na Uluguru.

Mabaki hayo ni madogo mno. Ngangao ni takriban hekta 120, na Mbololo, ulio mkubwa zaidi, ni takriban hekta 200. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambacho kina kituo cha utafiti mjini Wundanyi, walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka wa 1955 na za mwaka wa 2004. Waligundua kwamba kama nusu ya msitu wa kiasili ilikuwa imetoweka. Eneo lote lenye miti lilipungua kidogo tu, kwa kuwa misonobari na mikaratusi ilikuwa imepandwa. Kwa hiyo anayeitazama milima hiyo kutoka mbali huiona ya kijani na kudhani kwamba hakuna kilichopotea.

Ndani ya vipande hivyo wanaishi viumbe wasiopatikana kwingineko duniani. Ndege Turdus helleri na Apalis fuscigularis ni miongoni mwao, na huyo wa pili yumo katika orodha ya ndege walio katika hatari kubwa zaidi ya kuangamia. Yupo pia kinyonga mwenye pembe mbili bapa puani, Kinyongia boehmei, ambaye jina la jamii yake katika sayansi limetokana na neno la Kiswahili. Chura Callulina dawida, aliyetangazwa rasmi mwaka wa 2009, amepewa jina la Wadawida wenyewe. Na katika msitu wa Mbololo huota ua dogo la zambarau ambalo kwa muda mrefu limeitwa Saintpaulia teitensis. Jamaa zake hupandwa vyunguni katika nyumba za Ulaya na Marekani.

Misitu hii pia huvuna maji. Ukungu unaotoka upande wa Bahari Hindi hunaswa na majani na kuvu za miti ya kiasili, hudondoka ardhini na kulisha chemchemi. Hekta chache zikiteketea kwa moto wa usiku mmoja, hasara yake si ya mbao peke yake.

Kadhalika, si kila pango ni mahali pa kujistiri mvua. Wataita walikuwa na desturi ya kuhifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango maalumu, na vichaka vitakatifu vinavyoitwa fighi vililindwa kwa miiko. Baadhi ya mahali hapo pangalipo. Mgeni mwenye adabu haingii, hagusi wala hapigi picha bila idhini ya wenyeji.

Waliolala hemani zamani

Kulala hemani katika nchi hii si mtindo ulioletwa na watalii. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani na wapagazi wao ilipiga kambi Taveta katika karne ya 19, kwa sababu hapo palikuwa na kivuli, chakula na maji baada ya siku nyingi za kuivuka nyika ya Taru. Umbali kutoka kisima hadi kisima ndio uliopima safari.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mwaka wa 1898, wakati reli kutoka Mombasa ilipofika Mto Tsavo, kaskazini-magharibi mwa Voi. Simba wawili wasio na manyoya shingoni walikuwa wakiwanyakua usiku wafanyakazi wa reli, Wahindi na Waafrika, kutoka ndani ya mahema yao. Wafanyakazi walijenga maboma ya miiba, lakini simba walipenya. Mnamo Desemba kazi ya daraja ilisimama kwa takriban wiki tatu, kwani wengi walikuwa wametoroka.

Mhandisi John Henry Patterson aliwaua simba hao mwezi huo huo. Baadaye alidai kwamba waliwaua watu 135. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009, uliochunguza mifupa na manyoya yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ulikadiria kwamba watu walioliwa walikuwa kama 35.

Miaka 17 baada ya kisa hicho, wanajeshi wa Uingereza waliopigana na Wajerumani walijaza mahema Maktau na Mbuyuni, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta. Vita vya Salaita vya Februari 12, 1916 vilianzia katika kambi hizo. Tatizo lao kubwa, mbali na adui, lilikuwa lile lile la wapagazi: maji.

Maji

Kwa sababu hiyo, maandalizi huanza kwa mtungi wala si kwa hema. Katika joto la Tsavo, mtu mzima huhitaji lita tatu hadi nne za maji ya kunywa kwa siku. Ukiongeza ya kupikia, kunawa na kuosha vyombo, ni busara kubeba lita 10 kwa kila mtu kwa kila siku, pamoja na akiba ya siku moja zaidi endapo gari litaharibika.

Maji yanayopatikana kambini yachukuliwe kuwa ya kuoshea. Yakilazimu kunywewa, yachemshwe au yatiwe dawa kwanza. Mchanga wa mto mkavu usichimbwe kwa ajili ya kutafuta maji. Ndovu huchimba visima vyao humo, na hawapendi kukuta mtu kisimani.

Moto

Ndani ya mbuga hairuhusiwi kuokota kuni bila idhini. Mti uliokauka ni makao ya ndege, mijusi na wadudu, na kuni zinazookotwa na kila mgeni huiacha kambi ikiwa jangwa. Jiko dogo la gesi ndilo bora; hutoa joto la haraka na halirushi cheche. Anayetaka makaa ayanunue mjini kwa wauzaji walioidhinishwa.

Katika misitu iliyo chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), kuwasha moto bila kibali ni kosa la kisheria. Pale unaporuhusiwa, moto uwashwe tu mahali palipotengwa, uwe mdogo, na usiachwe bila mtu. Kuufukia kwa udongo hakutoshi, kwa maana makaa hubaki hai chini ya udongo na mizizi mikavu huweza kuupeleka moto mbali. Umwagiwe maji, ukorogwe, umwagiwe tena, hadi jivu liweze kuguswa kwa mkono.

Onyo hili si la bure. Mnamo Agosti 2020 moto uliteketeza maeneo ya Tsavo Magharibi, na askari wa mbuga pamoja na wakazi walipambana nao kwa siku kadhaa. Miezi ya Julai hadi Septemba, nyasi zikiwa kavu na upepo ukivuma, ndiyo ya hatari zaidi nyikani.

Chakula na wanyama

Sensa ya kitaifa ya mwaka wa 2021 ilihesabu karibu ndovu 15,000 katika eneo la Tsavo, idadi kubwa kuliko kwingineko nchini. Ndovu ana uwezo mkubwa mno wa kunusa. Matunda, hasa machungwa na ndizi, yasiwekwe hemani hata kidogo. Chakula chote kifungiwe garini, na vyombo vioshwe kabla ya giza.

Nyani na tumbili ni wezi wa mchana. Hufungua zipu, hubeba mkate na huenda nao mtini. Fisi ni mwizi wa usiku. Kiatu cha ngozi kilichoachwa nje huweza kupatikana asubuhi kikiwa kisigino tu. Kando ya Ziwa Jipe, kiboko hutoka majini jua likitua ili kula nyasi. Hema lisisimikwe kwenye njia yake, wala mtu asisimame kati yake na maji.

Kuhusu simba, jambo la msingi ni kulala ndani ya hema lililofungwa kabisa. Asiyetaka joto achague hema lenye madirisha ya wavu, wala asiache mlango wazi. Kutembea gizani kwenda chooni ni hatari isiyo na sababu. Wenye uzoefu huweka kopo ndani ya hema. Mnyama akiingia kambini, watu watulie, wanyamaze na wasimmulike machoni wala kumtupia kitu. Mara nyingi hupita na kwenda zake.

Wanaoishi nje ya mipaka ya mbuga hawana nafasi ya kumtazama ndovu kama burudani. Kwao ndiye anayeangusha tangi la maji na kumaliza shamba la mahindi kabla ya mavuno. Mgeni anayemchokoza ndovu ili apate picha humwacha mnyama aliyekasirika kwa mkulima ambaye hana gari la kukimbilia.

Afya

Nyanda za chini zina mbu wa malaria, hivyo chandarua au hema lenye wavu mzima ni lazima. Mbung'o pia wapo Tsavo. Wadudu hawa huvutiwa na rangi ya samawati na nyeusi; nguo za rangi ya mchanga au kijivu ni afadhali.

Viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa sababu ya nge. Nyoka aina ya moma hulala vumbini bila kusogea hata akisikia nyayo, kwa hiyo tochi itumiwe usiku hata kwa hatua tatu. Aliyeumwa na nyoka asikatwe jeraha, asifungwe kamba ya kubana wala asinyonywe sumu. Avuliwe pete na saa, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Hospitali kubwa iliyo karibu ni ile ya rufaa ya Moi, mjini Voi.

Milimani adui ni baridi na unyevu. Miezi ya Juni hadi Agosti ukungu huweza kukaa tangu jioni hadi asubuhi. Turubai la kutandika chini ya hema, mkeka mnene na nguo kavu zilizofungwa vyema ni muhimu kuliko sufuria ya pili.

Taka

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017. Tangu Juni 5, 2020, chupa za maji, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Mgeni abebe maji katika mitungi inayojazwa tena na vyombo vya bati.

Kila kilichoingia kitoke, yakiwemo maganda ya matunda na vichungi vya sigara. Taka zikizikwa, fisi na nyani huzifukua. Mahali pasipo na choo, shimo lichimbwe kwa kina cha kama sentimita 20, mbali na kijito kwa hatua zisizopungua 70, kisha lifukiwe. Vyombo na nguo visioshewe ndani ya kijito chenyewe, kwani watu walio chini huyanywa maji hayo.

Safari, ruhusa na msimu

Voi iko kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, na ina kituo cha reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Hata hivyo, kutembea kwa miguu ndani ya Tsavo hakuruhusiwi ila mahali palipotengwa. Anayefika kwa basi au treni atahitaji kukodi gari mjini. Ajaze mafuta huko huko, na ahakikishe gurudumu la akiba lina upepo.

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ada ya kuingia na ada ya kupiga kambi ni mbili tofauti, na hulipwa kwa njia ya mtandao wa serikali wa eCitizen, si kwa fedha taslimu langoni. Kwa vile viwango hubadilika, vithibitishwe na KWS kabla ya safari, na malipo yafanywe mahali penye mtandao.

Kwa misitu ya milimani, njia ni ya Mwatate hadi Wundanyi, kisha barabara nyembamba za mlimani. Kibali huombwa kwa maafisa wa KFS. Ni vyema pia kumchukua kiongozi kutoka kwa wenyeji, ambao baadhi yao wamo katika vyama vya kijamii vinavyoshirikiana na shirika hilo. Kiongozi huyo anajua njia inayoteleza, kijito kisichokauka na pango lisiloingiwa.

Mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wakati huo barabara za udongo huwa matope na mito mikavu huweza kufurika ghafla, hata bila mvua kuonekana kambini, kwa kuwa imenyesha juu milimani. Hema lisisimikwe mkondoni kamwe, hata mchanga ukionekana mweupe na laini namna gani.

Anayezingatia haya huondoka na mitungi mitupu, mfuko wa taka uliojaa na jivu lililopoa. Uwanja aliolalia hubaki kama alivyoukuta, tayari kwa mgeni wa kesho na kwa ndovu wa usiku huo.